Nani Atateuliwa? Hesabu ya Kutabiri Uteuzi wa Wachezaji

Kabla ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, wachezaji wa shule huchujwa ili ipatikane timu ya wilaya, kisha timu ya mkoa. Popote mchujo huo unapofanyika, iwe Kiranjeranje wilayani Kilwa au kwingineko nchini, watu hubishana: nani atachukuliwa, na nani ataachwa? Aghalabu mwenye sauti kubwa ndiye ahesabiwaye kuwa mshindi. Hata hivyo, swali hilo laweza kupimwa kwa hesabu.

Huko Marekani utabiri wa namna hii ni shughuli kubwa. Tangu mwaka 1936, timu za ligi ya kandanda ya Kimarekani, mchezo unaochezwa kwa mikono na miguu, huchagua kwa zamu vijana watokao vyuoni. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita hupewa zamu ya kwanza, isipokuwa kama imeiuza kwa timu nyingine. Siku hizi timu ni 32 na mizunguko ni 7. Majuma mengi kabla ya siku yenyewe, watabiri huandika majina ya wale wanaodhani kwamba kila timu itawachukua.

Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba kila uchaguzi hutegemea ule uliotangulia. Mchezaji aliyekwisha kuchukuliwa hawezi kuchukuliwa tena, na timu iliyopata mlinzi huanza kutafuta mshambuliaji. Chukulia kwamba timu moja ina nafasi 5, na kwamba katika kila nafasi mtabiri ana uwezekano wa 0.6 wa kupatia, iwapo amepatia zile za nyuma. Uwezekano wa kupatia zote ni 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani 0.078 hivi. Basi mtabiri hodari hupatia orodha nzima mara zisizofika 8 katika 100.

Je, mtabiri mzuri atajulikanaje? Mwaka 1950 Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alitoa kipimo chepesi cha kukagua utabiri wa mvua. Mkulima wa ufuta wa Kiranjeranje hapaswi kuambiwa tu kwamba mvua itanyesha. Ni heri aambiwe kwa uwezekano gani. Vivyo hivyo kwa mchezaji. Mwanafunzi akiandika kwamba fulani atateuliwa kwa uwezekano wa 0.8, naye akateuliwa, tofauti ni 1 − 0.8, yaani 0.2, kipeo chake cha pili ni 0.04. Asipoteuliwa, kosa ni 0.8 × 0.8, yaani 0.64. Wastani wa makosa hayo ukiwa mdogo, mtabiri ni bora. Anayeandika 0.5 kila mara hupata 0.25 daima, anayezidi hapo ni afadhali angenyamaza.

Hapana budi, hata hivyo, kutenganisha maswali mawili: nani atateuliwa, na nani anastahili. La kwanza lahusu fikra za mteuzi. La pili lahusu uwezo wa mchezaji. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliteuliwa wa 2 katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza humo. Stephen Curry aliteuliwa wa 7 mwaka huo huo, na baadaye akawa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa duniani. Katika kandanda ya Kimarekani, Tom Brady aliteuliwa wa 199 mwaka 2000, kisha akatwaa ubingwa mara 7.

Sababu moja ya wateuzi kukosea ni umri. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji wengi hodari wa mpira wa magongo wa barafuni nchini Kanada walizaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Hivyo aliyezaliwa Januari humzidi wa Desemba karibu mwaka mzima. Ukubwa wa mwili hudhaniwa kuwa kipaji, naye hupewa mafunzo zaidi.

Jambo hili laweza kuchunguzwa shuleni. Mwalimu na aorodheshe miezi ya kuzaliwa ya walioteuliwa na ya walioachwa, kwa miaka kadhaa, kwani wachezaji 11 wa mwaka mmoja hawatoshi kuthibitisha lolote. Wanafunzi nao waandike utabiri wao kabla ya majina kutangazwa, kisha wakokotoe makosa yao. Ikidhihirika kwamba wadogo kwa miezi huachwa mara kwa mara, wapewe mazoezi sawa na wenzao, na waitwe tena katika mchujo wa mwaka unaofuata.