Kalenda Mbili Katika Kijito Kimoja: Kilimo Haramu cha Bangi na Hatima ya Samaki wa California

Utangulizi

Bangi inapojadiliwa, aghalabu mjadala huelekea katika mambo mawili: afya ya mtumiaji na mkono wa sheria. Upo upande wa tatu ambao husahaulika, nao ni hali ya mazingira mahali mmea huo unapooteshwa kwa siri. Makala haya yanauchunguza upande huo kwa kuangazia eneo lililotafitiwa kwa kina, yaani milima ya kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani, na hasa athari za kilimo hicho kwa samaki wa vijitoni. Hoja inayotetewa ni kwamba madhara makubwa hutokana na mahali na majira kuliko mmea wenyewe. Usiri humsukuma mkulima hadi kwenye chemchemi za mito, na majira ya mmea humlazimu ateke maji wakati ule ule ambapo samaki hana pa kukimbilia.

Samaki na Kalenda Yake

Miongoni mwa samaki wa eneo hilo, anayestahili kutajwa kwanza ni samoni aina ya koho, ambaye wanasayansi humwita Oncorhynchus kisutch. Samaki huyu huzaliwa katika maji baridi ya kijito, hukulia baharini, kisha hurejea katika maji ya kuzaliwa kwake ili azae na kufa. Mvua za mwisho wa mwaka zinapoijaza mito, koho waliokomaa hupanda kutoka Bahari ya Pasifiki. Jike huchimba kishimo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga mayai na kuyafukia. Vifaranga hutokeza majira ya kuchipua. Tofauti na jamaa zake wengine wanaoshuka baharini mapema, koho mchanga hukaa kijitoni takribani mwaka mzima. Maana yake ni kwamba sharti auvuke msimu mmoja kamili wa kiangazi akiwa katika vidimbwi vidogo vya milimani.

Kiangazi hicho ndicho kizingiti cha maisha yake. California ya kaskazini hupata mvua kati ya Oktoba na Aprili. Baada ya hapo, miezi hupita bila tone la maana. Vijito hutegemea maji yanayovuja polepole kutoka ardhini. Kufikia Agosti na Septemba, kijito kilichonguruma wakati wa masika huwa uzi mwembamba unaounganisha vidimbwi. Koho naye hapendi joto. Utafiti uliofanywa katika bonde la mto Mattole na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba koho wachanga walipatikana tu katika vijito ambavyo wastani wa viwango vya juu vya joto vya kila siku, katika wiki yenye joto kali zaidi, haukuzidi nyuzi 18 za selisiasi.

Isitoshe, mzunguko wa maisha ya koho ni wa miaka mitatu na haubadiliki sana. Vifaranga waliokufa katika kiangazi cha 2014 ndio ambao wangerudi kuzaa mwishoni mwa 2016. Kiangazi kimoja kibaya, basi, hufuta kizazi kizima, na pengo lake huonekana mtoni baada ya miaka miwili na zaidi. Ndiyo sababu koho wa kusini mwa Oregon na kaskazini mwa California walitiwa katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1997.

Bangi na Kalenda Yake

Kaunti tatu za Humboldt, Mendocino na Trinity hujulikana kwa jina la Pembetatu ya Zumaridi. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wengi waliokimbia maisha ya mijini walinunua vipande vya ardhi huko, baadhi yake vikiwa vimeachwa uchi na wakataji wa miti. Wengine wao walianza kuotesha bangi. Mwaka 1983, serikali ilianzisha kampeni ya kuing'oa kwa kutumia helikopta. Kampeni hiyo iling'oa mimea mingi, lakini pia iliwafunza wakulima kujificha: mashamba yalisogezwa mbali na barabara, juu zaidi milimani, chini ya kivuli cha miti na karibu na chemchemi. Mwaka 1996, wapiga kura wa California waliidhinisha bangi kwa matibabu, na kilimo kikapanuka haraka bila ya usimamizi wa kutosha wa ardhi na maji.

Mmea wa bangi unaooteshwa nje hupandwa majira ya kuchipua na huvunwa kati ya Septemba na Oktoba. Kiu yake hufika kilele mwishoni mwa kiangazi, maua yanapokomaa. Hapo ndipo kalenda mbili zinapogongana. Mwezi ambao mmea unataka maji mengi zaidi ndio mwezi ambao kijito kina machache zaidi, na ndio mwezi ambao koho mchanga anahesabu siku akiomba mvua.

Maji Yanayotekwa

Mwaka 2015, Scott Bauer na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti kuhusu mabonde manne ya vijito kaskazini magharibi mwa California. Kwa kutumia picha za angani, walikadiria kwamba kila bonde lilikuwa na mimea kati ya 23,000 na 32,000 hivi. Walichukulia kwamba kila mmea hunyweshwa lita 22.7 kwa siku wakati wa kiangazi. Katika bonde lililoathirika kidogo kuliko yote, maji ambayo yangetekwa yalifikia asilimia 23 ya mtiririko wa chini kabisa wa siku saba katika mwaka. Katika mabonde matatu mengine, mahitaji ya bangi yalizidi maji yote yaliyokuwa yakitiririka katika kipindi cha uhaba.

Hesabu rahisi huifafanua picha hiyo. Mimea 30,000 ikinyweshwa lita 22.7 kila mmoja, jumla ni lita 681,000 kwa siku, yaani takribani lita 8 kila sekunde, usiku na mchana. Kwa mto mkubwa, kiasi hicho si kitu. Kwa kijito cha mlimani mwezi wa Septemba, huenda hicho ndicho kijito chenyewe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika vijito hivi, haba na haba hukimaliza kibaba. Mkulima mmoja mwenye mpira mmoja wa plastiki haoni kosa lake, kwa kuwa maji bado yanapita mbele ya macho yake. Hajui kwamba majirani zake ishirini walio juu na chini yake nao wametumbukiza mipira yao.

Yapo ya kuzingatiwa kuhusu takwimu hizo. Kiwango cha lita 22.7 kilikuwa makadirio. Tafiti za baadaye kuhusu mashamba yenye leseni zimeonyesha kwamba matumizi hutofautiana mwezi hadi mwezi, na kwamba wakulima wengi hutumia visima. Hata hivyo, kisima kilichochimbwa karibu na kijito huweza kupunguza maji yale yale ambayo yangevuja kijitoni.

Mtiririko unapopungua, samaki hapati pigo moja tu. Vidimbwi hutengana, naye hubaki kama mfungwa. Maji machache hupashwa joto upesi na jua, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Wadudu ambao huletwa na mkondo wa maji hukoma kumfikia, hivyo njaa humwandama. Ndege na wanyama wawindaji nao humwona kwa urahisi. Kidimbwi kikikauka kabisa, hadithi huwa imekwisha.

Udongo, Mbolea na Sumu

Maji si mlango pekee wa maafa. Shamba la siri huhitaji uwanda, na mlimani uwanda hupatikana kwa kuuchonga mlima. Van Butsic na Jacob Brenner, katika utafiti wao wa 2016 kuhusu mabonde 60 ya Humboldt, walibainisha mashamba 4,428. Asilimia 22 yalikuwa katika miteremko mikali, na asilimia 5 yalikuwa chini ya mita 100 kutoka makazi muhimu ya samaki walio hatarini. Mvua ya kwanza inaponyesha, udongo uliotifuliwa na barabara zilizochongwa bila mifereji huporomoka hadi kijitoni. Tope laini hujaa katikati ya changarawe na kuyanyima mayai hewa. Tope likizidi, hufukia vidimbwi ambavyo vingekuwa makimbilio wakati wa kiangazi. Ni haki kuongeza kwamba vijito hivi tayari vilikuwa vimejeruhiwa. Ukataji wa misitu katika karne ya 20 na mafuriko makubwa ya Desemba 1964 yalikuwa yameshavijaza udongo. Bangi ilikuja kukitonesha kidonda ambacho hakijapona.

Mbolea nazo hupeleka naitrojeni na fosforasi majini. Mwani hunawiri, kisha usiku na unapooza hutumia oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Dizeli ya jenereta na pampu humwagika. Lakini lililo baya zaidi ni sumu. Katika mashamba yaliyofichwa ndani ya misitu ya umma, maafisa wamekuta mara kwa mara kabofurani, dawa ya wadudu yenye ukali wa kutisha kwa samaki, ndege na wanadamu. Marekani ilikataza mabaki yake katika vyakula kuanzia mwaka 2009. Vilevile, Mourad Gabriel na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba karibu asilimia 80 ya wanyama wala nyama wa jamii ya cheche waliopimwa huko California walikuwa na sumu ya panya miilini mwao, na mashamba haya yakatajwa kuwa chanzo kinachoelekea kuwa kikuu.

Walio katika hatari si wanyama peke yao. Wayurok, wenyeji wa asili wa sehemu za chini za mto Klamath, wameishi kwa samoni tangu zama za mababu zao. Mnamo Julai 2014, waliomba msaada wa vyombo vya dola ili kuyaondoa mashamba makubwa yaliyokuwa yakiyamaliza maji ya vijito vyao, yakiwemo maji ya kunywa. Kwa jamii kama hiyo, kijito kinapokauka, chakula, ibada na kumbukumbu hukauka pamoja nacho.

Je, Sheria Imetibu?

Mwaka 2016, California ilihalalisha bangi kwa watu wazima, na leseni za kuuza na kuotesha kwa biashara zikaanza kutolewa Januari 2018. Bodi ya maji ya jimbo ilikuwa imepitisha kanuni mwaka 2017 zinazowakataza wakulima wa bangi kuteka maji ya vijito kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Oktoba. Mkulima hutakiwa kuyahifadhi maji ya masika katika matangi au mabwawa. Kanuni hii ina hekima, kwa kuwa inazitenganisha zile kalenda mbili. Tatizo ni kwamba humfunga tu aliyejisajili. Gharama za leseni na kuporomoka kwa bei kuanzia mwaka 2021 kuliwafanya baadhi waache kilimo na wengine wabaki gizani, ambako hakuna anayehesabu lita.

Dawa ya kuhifadhi maji haikubuniwa na bodi. Katika chanzo cha mto Mattole, wenyeji walikuwa tayari wameanza kujengewa matangi makubwa, ya lita 190,000 hivi kila moja, ambayo hujazwa wakati wa mvua ili mabomba yafungwe wakati wa ukame. Walioafikiana hivyo walikuwa majirani, na kijito kimoja kiliwatosha wote.

Funzo kwa Mlima Kenya

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Sivyo. Uchunguzi wa angani uliofanywa mwaka 1999 katika misitu ya Mlima Kenya uligundua mashamba ya bangi yaliyofichwa ndani yake, licha ya sheria ya 1994 inayokataza kilimo hicho nchini. Aidha, trauti wa upinde wa mvua aliyeletwa na Waingereza katika vijito vya mlima huo ni wa spishi moja na samaki wanaotaabika katika vijito vya California. Kabofurani nayo si ngeni. Iliuzwa Kenya kwa jina la Furadan hadi mtengenezaji wake alipoiondoa madukani mwaka 2009, kufuatia kilio kuhusu simba waliouawa kwayo.

Jamii za Waswahili na jirani zao zinajua pia kwamba sumu majini haina mipaka: utupa uliosagwa na kumwagwa kidimbwini hulevya samaki wote, wakubwa kwa wadogo, bila kuchagua. Na Mlima Kenya ndio chemchemi ya mito ya Tana na Ewaso Ng'iro. Shamba linalofichwa juu kabisa huwatendea walio chini kabisa, wasiolijua wala kulinufaikia.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba samaki wa kijitoni hauawi na jani la bangi. Huuawa na mpira uliotumbukizwa kwenye chemchemi mwezi wa Agosti, na mteremko uliochongwa bila mfereji, na chupa ya sumu iliyoachwa chini ya mti. Matendo hayo yangekuwa na madhara yale yale hata kama kilichooteshwa kingekuwa nyanya au kabichi. Tofauti ni kwamba mkulima wa nyanya anaweza kutembelewa, kushauriwa na kutozwa faini, ilhali mkulima wa siri hukimbilia mahali ambapo kijito ni kichanga na jicho la jirani halifiki. Kung'oa mimea peke yake kumeshajaribiwa tangu 1983, na kilimo kikasogea tu juu zaidi. Kinachobaki ni kuulinda mwezi wa Septemba: kuhakikisha kwamba, yeyote alimaye na chochote alimacho, kijito kinaachiwa maji ya kumvusha samaki mchanga hadi mvua ya kwanza.