Kumwuliza munganga kwa barua

Zamani katika Ulaya, mgonjwa aliyekaa mbali aliweza kumwandikia barua munganga mwenye sifa, naye akajibu kwa barua pasipo kumwona hata mara moja. Katika karne ya 18 wengi walimwandikia hivi Samuel Auguste Tissot (1728-1797), munganga wa Lausanne, inchi ya Uswisi. Barua zao zaidi ya 1.000 zingali zinatunzwa katika mji ule.

Pengine tutashangaa: atajuaje ugonjwa asioutazama? Lakini siku zile hata munganga aliyesimama karibu ya kitanda alishika mkono apate kusikia mishipa, akatazama ulimi, halafu zaidi alisikiliza. Chombo cha kusikilizia kifua kilibuniwa na Laennec katika mwaka 1816 tu.

Shida ilikuwa maneno yenyewe. Mtu aweza kujaza karatasi na huzuni zake, akasahau kutaja umri. Kwa hiyo Tissot, katika kitabu chake cha mwaka 1761 juu ya afya ya watu, alipanga maulizo: Mgonjwa ana miaka mingapi? Ugonjwa ulianza lini, na namna gani? Ana homa? Amekwisha kutumia dawa gani? Ulizo hili la mwisho naliona lenye akili sana, maana ndilo wagonjwa hupenda kulificha.

Wakulima wengi hawakujua kusoma. Kitabu kiliandikwa kwa wale waliokaa nao: wachungaji wa parokia, waalimu, wazalishaji. Hao waliuliza, wakampasha munganga habari. Wakibadili neno moja, yeye aliye mbali hakuwa na njia ya kugundua.