Ini Linapozibwa Damu Upande Mmoja



Leo twapenda kuzungumza juu ya ini, kiungo ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka kinapougua.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Kadiri ya robo tatu huletwa na mshipa mkubwa utokao matumboni, uchukuao riziki ya chakula kilichokwisha kusagwa. Iliyobaki huja kwa mshipa upokeao damu itokayo moyoni. Ule mshipa mkubwa hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto.

Mwaka 1920, mjini New York, wataalamu Peyton Rous na Louise Larimore waliyafunga baadhi ya matawi hayo katika maini ya sungura. Wakaona ajabu: upande ulionyimwa damu ulinywea, na upande wa pili ukakua kuufidia. Damu iliyokuwa ikigawanywa sasa humiminikia upande ulio wazi, na chembe hai zake huanza kugawanyika na kuongezeka. Ini likitimiza kiasi kiutoshacho mwili, huacha kukua.

Yaliyoonekana kwa sungura yamewafaa wanadamu. Yuko mgonjwa wa saratani ambaye, akikatwa upande wenye maradhi, ini litakalobaki ni dogo mno kumtosha kuishi. Mwaka 1990 daktari Masatoshi Makuuchi wa Japani na wenzake walieleza jinsi wanavyoliziba kwa makusudi tawi la upande utakaokatwa, kisha wakangoja upande utakaobaki ukue, ndipo wapasue. Kungoja huko huchukua wiki kadhaa. Basi jamaa wa mgonjwa wakiambiwa wasubiri, wasidhani kuwa wamepuuzwa. Subira hiyo ni sehemu ya tiba.

Lakini uwezo huu una mpaka. Ini lililojaa makovu hukua kwa shida, na pengine lisikue kabisa. Makovu hayo huletwa na pombe, na pia na homa ya ini ya aina ya B na ya C ikikaa mwilini miaka mingi. Nayo sumu ya kuvu katika mahindi na karanga huleta saratani ya ini.

Kwa hiyo tuwapeleke watoto wetu wakachanjwe homa ya ini ya B, tukaushe nafaka vyema kabla ya kuzihifadhi, na tujiepushe na ulevi. Mwili ni amana. Tusiuharibu kwa kutumainia kwamba utajijenga wenyewe.