Ndege za kujiundia: Hewa ya kupoza injini inavyopunguza kasi

Marekani kuna watu wanaojiundia ndege ndogo gerejini kwao. Nyingi hutumia injini zinazopozwa kwa hewa, kama Lycoming O-360. Hewa huingia kwa mbele, hupita kwenye silinda, kisha hutokea chini ya boneti.

Shida ipo pale inapotokea. Hewa hiyo imeshapoteza kasi, tena inatoka ikielekea chini badala ya nyuma. Ikikutana na upepo wa nje, inakuwa kama breki, na mafuta yanaliwa zaidi.

Mafundi hufanya hivi:

• Kona kali ya chini, nyuma ya injini, hufunikwa kwa bati lililopinda ili hewa iteleze kuelekea nyuma.

• Tundu la kutokea hupunguzwa, hewa itoke kwa kasi zaidi.

• Wengine huweka kilango cha kufungua na kufunga, kama kile cha rejeta ya ndege ya kivita P-51 Mustang.

Ila tundu likibanwa mno, injini huchemka, hasa ndege ikiwa inapanda: mwendo mdogo, nguvu nyingi. Silinda hedi za O-360 hazitakiwi kuzidi nyuzi joto 260 za Selsiasi. Ndiyo maana tundu hupunguzwa kidogo kidogo, na kila hatua rubani hupaa akiwa na jicho kwenye geji.