Gobore la Kirungu na Bunduki ya Bisley: Nani Anavuna Fedha?

Bunduki ya kushindilia kwa mdomo, ambayo majeshi yaliitupa zaidi ya miaka 100 iliyopita, bado inauzika. Kiwanda cha Davide Pedersoli, kilichoanzishwa mwaka 1957 huko Gardone Val Trompia, kaskazini mwa Italia, kimejenga jina kwa kuziunda upya silaha za karne ya 19. Bunduki yake aina ya Gibbs, iliyokusudiwa shabaha za mbali, inapita yuro 1,000, na hapo mnunuzi hajagusa hata gramu moja ya baruti. Wanaoinunua hawana haja ya nyama ya porini. Ni walenga shabaha wanaosafiri kwenda Uingereza, Marekani au Afrika Kusini kupiga ubao ulio yadi 1,000 kutoka walipolala, yaani mita 914.

Huku kwetu nchini Kongo, kwenye uwanda wa juu wa Kirungu unaotazama bandari ya Moba, bunduki ya ukoo huohuo ina jina lisilohitaji maelezo: gobore. Hulibebi kwenda nalo Ulaya. Mara nyingi mtutu wake ni bomba la chuma lililokuwa na kazi nyingine, na mwenyewe hupenda lisionekane sana barabarani. Swali la mchumi ni jepesi kuuliza: silaha hizi zimeachana wapi, hata moja ikawa bidhaa ya starehe na nyingine ushahidi wa polisi?

Bunduki hizi zilifika huku kwetu kwa msafara. Juni 1888, balozi wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani. Nyingi zilikuwa mali chakavu ya majeshi ya Ulaya, au kazi ya haraka ya mafundi wa Liège na Birmingham. Zilipita Tabora na Ujiji, zikavuka Ziwa Tanganyika, zikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji alitawala kwa hizo. Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyehamia Mpala, kando ya ziwa, mwaka 1887 kuwalinda wamisionari, naye alipambana kwa hizohizo na nyingine bora zaidi. Wamisionari wa Afrika walipoanzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, mwaka 1893, bunduki ilikuwa imekwisha kuwa fedha inayotembea katika eneo lote la ziwa.

Lakini ubora wake uliamuliwa mezani. Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya utumwa. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, silaha za kisasa na zile zenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu zilizuiwa zisiuzwe kwa wenyeji. Zilizoweza kuruhusiwa, kwa masharti, zilikuwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi na kuifanya ishike njia. Mtutu laini ukivuka mita 100, mpigaji anamwachia Mungu. Mwezi uleule, Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilikuwa kinafungua uwanja wake mpya wa Bisley, Surrey, baada ya miaka 30 ya mashindano ya Wimbledon. Huko watu walikuwa wanabishania inchi katika yadi 1,000. Sina sababu ya kuulilia mkataba uliokusudia kubana biashara ya watumwa, ila hesabu yake ya kibiashara ni hiyo: soko letu lilitengewa bidhaa duni, na fundi wetu akabaki kunakili alichokiona.

Mashindano yenyewe yalikuwa biashara tangu mwanzo. Septemba 1874, huko Creedmoor karibu na New York, timu ya Ireland iliyokuja na bunduki za Rigby za kushindilia ilipambana na Wamarekani waliotumia Remington na Sharps zinazojazwa kwa nyuma. Umbali ulikuwa yadi 800, 900 na 1,000, risasi 15 kila umbali kwa kila mtu. Marekani ilishinda 934 kwa 931. Muailandi mmoja alikuwa amepiga katikati kabisa, pointi 4, kwenye ubao usiokuwa wake, akaandikiwa sifuri. Kwa viwanda vya Remington na Sharps, pengo hilo la pointi 3 lilikuwa tangazo ambalo fedha isingelinunua kirahisi.

Tuje kwenye gharama za leo. Mpigaji anamimina kama gramu 6 za baruti kupitia bomba refu jembamba ili punje zikae sawa, anaweka kizibo, kisha risasi ya gramu 34 hivi iliyovikwa karatasi nyembamba, anaisukuma taratibu kwa mdeki, anavisha fataki. Wengine hulala kifudifudi. Wengine, kwa mtindo wa zamani, hulala chali na kuegemeza mtutu kwenye mguu. Baada ya mlio anafuta mtutu na kuanza tena. Kwa mapigo 45 kama ya Creedmoor, mtu anamaliza takribani gramu 270 za baruti na kilo moja na nusu ya risasi, ambayo ni plumbi iliyochanganywa na bati kidogo.

Kwa hiyo kinachochomwa uwanjani ni kidogo. Fedha kubwa inakwenda kwingine. Baruti nyeusi ni kilipuzi, haipandi ndege ya abiria. Kila mgeni hununua ya mwenyeji, na kiwanda cha Aubonne nchini Uswisi, kilichoanza mwaka 1853, kina sifa ya pekee hapo. Ongeza vibali vya kuingiza silaha, nauli, malazi, ada ya uwanja. Atakayefaidika kwa hakika ni mwenye uwanja, mgeni awe ameshinda au ameshindwa.

Je, mtu wa Kirungu anaweza kuingia? Kamati ya kimataifa ya bunduki za kushindilia, MLAIC, huandikisha washindani kupitia vyama vya nchi zao. Afrika Kusini imo, na ndiyo jina zito la bara hili katika mchezo huo. Kongo haimo. Wakenya wamewahi kufika Bisley, lakini kwa bunduki za kisasa. Kinachoudhi ni kwamba MLAIC ina hata shindano la bunduki za gumegume zenye mtutu laini, Miquelet, mita 50, mpigaji akiwa amesimama. Umbali ambao wawindaji wetu wanaufahamu vizuri. Ila inatakiwa bunduki ya kijeshi ya zamani, iwe halisi au nakala yake sahihi, na bomba lililochongwa kijijini halihesabiki.

Kisha kuna sheria. Umiliki wa silaha Kongo unaongozwa na sheria ya 3 Septemba 1985, na bila kibali hakuna mazoezi wala safari. Katika jimbo letu, lililoona mapigano ya Waluba na Watwa, mwenye bunduki begani haulizwi alama zake za shabaha. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ili magobore yasalimishwe, na sioni serikali yoyote ya ukanda huu ikilegeza kamba kwa ajili ya mchezo wa watu wachache.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana mwenye dola chache na jicho kali, ningemwambia asianze kwa kununua bunduki. Aanze na chama kilichosajiliwa na kibali mkononi, kisha atafute mwaliko Afrika Kusini, apige kwa silaha ya mwenyeji na baruti ya mwenyeji. Gobore la babu aliache nyumbani. Kama halina kibali, alipeleke kwa wakuu kabla hawajalifuata.