Mafuta ya Mkaratusi: Tusome Kichupa Kwanza

Sisi wa Bombo na milima yote ya Upare tunaijua mikaratusi. Inatupa kuni, nguzo na mbao. Mtu akishikwa na mafua, tunachemsha majani yake, anajifunika blanketi na kujifukiza. Siku hizi mafuta ya mkaratusi huuzwa pia katika vichupa. Je, ndani ya kichupa mna nini hasa?

Asili ya mikaratusi ni Australia, na iko ya aina nyingi sana. Mmoja jina lake la kitaalamu ni Eucalyptus globulus. Harufu yake ni kali, hufungua pua. Mwingine ni Corymbia citriodora. Ukisugua jani lake unasikia harufu ya limau. Mafuta yake hutumika kufukuza mbu. Lakini sisi yote miwili tunaiita mkaratusi tu! Kwa hiyo tutafute jina la kitaalamu kwenye kichupa. Kama halipo, tumwulize muuzaji.

Mafuta haya hupatikana hivi: majani hutiwa ndani ya pipa, mvuke wa maji ya moto hupita humo na kubeba mafuta. Mvuke ukipozwa, mafuta huelea juu ya maji. Kilo 100 za majani hutoa kama kilo 1 au 2 tu za mafuta. Basi ukiona chupa kubwa kwa bei ya chee, jiulize.

Tunaweza kupima kidogo. Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache hadi kesho. Likibaki doa la mafuta, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Lakini doa likitoweka, usiseme umeshinda. Tapentaini nayo hukauka.

Na hata yakiwa safi, tuwe macho. Mafuta ya taa yakiwa safi, nani atayanywa? Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumletea mtoto degedege na kumpotezea fahamu. Tusimpake mtoto mchanga puani wala usoni. Tuyafungie mbali na watoto. Mtoto akiyanywa, tusimtapishe. Tumkimbize kwa mganga wa zahanati, na kichupa tukichukue.

Kusoma tumejifunza. Basi tusome kabla ya kufungua kifuniko.