Kuthibitisha mapato bila kukabidhi simu

Tumchukue mchuuzi wa Butihinda, Burundi, anayevuka mpaka wa Kobero kufuata bidhaa Kabanga, upande wa Ngara, Tanzania. Akitaka mzigo kwa mkopo, ataulizwa kama kweli fedha humwingia. Ataonyesha picha ya skrini, ambayo kijana yeyote huibadili kwa dakika mbili, au atakabidhi simu yenyewe, na hapo mkopeshaji ataona hadi karo za watoto na majina ya wanaomdai. Kenya walishaonja ubaya wake: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, yenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine, kisha kuwasumbua kwa simu na ujumbe wa vitisho.

Wengi hudhani kile kikufuli cha kwenye kivinjari ni ushahidi tosha. Sivyo. Kinazuia wadukuzi wa njiani, basi. Benki haitii sahihi kwenye ukurasa inaokutumia, na ufunguo wa mazungumzo yenu mnao nyote wawili. Mteja anaweza kujitungia ukurasa wenye mamilioni, akaufunga kwa ufunguo uleule, na mtu wa tatu asitambue.

TLSNotary, mradi ulioanza 2013, unaugawa ufunguo wa mteja: nusu kwenye simu, nusu kwenye mashine ya shahidi, yaani mtu wa tatu. Simu na mashine hiyo hupiga hesabu pamoja bila kuonyeshana nusu zao. Shahidi haoni yaliyomo, ila anathibitisha kwamba yametoka kwenye seva ile. Kisha inaingia mbinu ya Goldwasser, Micali na Rackoff ya 1985, ya kuthibitisha kauli bila kufichua kilicho nyuma yake. Mkopeshaji anapata jibu moja tu: mapato ya miezi sita yamezidi faranga milioni moja, ndiyo au hapana.

Shahidi na mteja wakila njama, wataghushi. Heri mkopeshaji awe shahidi mwenyewe. Na asiulize salio, maana fedha ya shemeji iliyoingia asubuhi nayo ni salio.

Kwa anayetumia Lumicash, huduma ya pesa kwa simu nchini Burundi, kwa menyu ya nyota na reli kwenye simu ya kitochi, hakuna ukurasa wala ufunguo wa kugawa. Huyo anahitaji kampuni yenyewe imtilie sahihi ya kidijitali kwenye taarifa ya miamala, na ikifanya hivyo, shahidi wa kati hana kazi tena.